MAONI: Kabla ya kushangilia makaa ya Mui, tuulize pampu italipiwa na nani

Ukitaka kujua maji ya chini ya ardhi yana thamani gani, panda gari la Mwingi mwezi wa Septemba, kabla mvua haijaanza. Shuka kwenye daraja lolote na uchungulie chini. Utaona mto usio na maji, mchanga mtupu unaochoma nyayo. Katikati ya mchanga huo kuna akina mama na vijana wamechutama, wanachota maji kwa kikombe kutoka kwenye shimo walilochimba wenyewe. Kando, punda wanangoja na mitungi ya njano.

Mito mingi ya Ukambani ndivyo ilivyo. Msimu wa kiangazi maji hayapiti juu, yamejificha chini ya mchanga. Ndiyo maana watu wa huko hujenga mabwawa ya mchanga: unaweka ukuta wa mawe na saruji mtoni, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanabaki humo hadi wakati wa shida. Mtu wa Kitui akitafuta maji huangalia chini, haangalii juu.

Sasa, chini zaidi ya mchanga huo, katika Bonde la Mui, kuna makaa ya mawe. Serikali ilianza kuyatafuta kwa mashine za kutoboa zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Ikaligawa bonde kuwa bloku nne, A hadi D, na ikatangaza kuwa Bloku C pekee ina takriban tani milioni 400. Mwaka 2011 kampuni moja kutoka China ilipewa Bloku C na D. Tangu hapo mradi umekuwa ukiwaka na kuzimika, lakini haujafa. Kila bei ya stima ikipanda, hakosi mtu wa kusema, "Si tuko na makaa huko Mui, mbona hatuchimbi?"

Kwetu ni Mwingi. Shamba la nyanya yangu haliko ndani ya bloku yoyote, na kwa hiyo hakuna mtu atakayekuja kumlipa fidia. Lakini mto anaochota maji hautambui mipaka ya bloku. Ndiyo sababu naandika.

Nisieleweke vibaya. Sipingi kijana wa Zombe kupata kazi. Ninachotaka sote tuulize, wewe wa Mwingi na wewe unayesoma hii ukiwa kwenye matatu ya Rongai, ni swali moja tu: makaa yakiisha na kampuni ikifunga virago, nani atalipia pampu?

Utauliza, pampu gani tena? Tulia nikueleze.

Chapati kwenye sahani

Chukulia ardhi kama chapati zilizopangwa kwenye sahani. Kila chapati ni tabaka la mwamba. Matabaka mengine, kama mwamba wa mchanga, yana vitundu na nyufa ndogo ndogo zinazoshika maji kama sifongo. Hayo ndiyo yanayolisha visima na chemchemi. Mengine, kama udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa hadi ukawa jiwe, hayapitishi maji kwa urahisi. Hayo yanafanya kazi ya kifuniko na sakafu: yanazuia maji matamu yasishuke na maji ya chumvi yasipande. Mpangilio huo umechukua mamilioni ya miaka.

Makaa ya mawe nayo ni chapati mojawapo katikati ya sahani hiyo. Kuyafikia, lazima uvuruge zilizo juu yake.

Jambo la kwanza mgodi unalofanya ni kukausha. Ukichimba chini ya kiwango cha maji, shimo lako linageuka kisima, na maji yanaanza kuingia kutoka kila upande. Mchimbaji hawezi kufanya kazi akiwa amezama, kwa hiyo pampu zinawekwa na zinafanya kazi usiku na mchana. Maji ya eneo zima yanaanza kuelekea huko. Ni kama watu kumi wanaokunywa soda kutoka chupa moja, kila mmoja na mrija wake, halafu anakuja mtu na mrija mrefu unaofika hadi chini kabisa. Nyinyi wengine mtabaki mkifyonza hewa. Visima vifupi ndivyo hukauka kwanza, na visima vifupi ni vya nani? Ni vya wanyonge.

Jambo la pili ni kwamba ukitoa tabaka, lililo juu linabaki likining'inia. Kuna njia mbili za kulishughulikia hilo. Moja ni kuacha nguzo za makaa zishikilie paa. Nyingine ni kutoa makaa yote, na mashine zikisonga mbele, unaliacha paa liporomoke nyuma yako kwa makusudi.

Nguzo zikiwa nyembamba kupita kiasi, matokeo yake Afrika Kusini inayajua. Tarehe 21 Januari 1960, katika mgodi wa makaa wa Coalbrook, nguzo zilizokuwa zimepunguzwa ili kutoa makaa zaidi zilishindwa na uzito wa mwamba. Ziliporomoka moja baada ya nyingine. Wachimbaji 435 walifunikwa. Miili yao haikutolewa, iko huko hadi leo. Wengi walikuwa vibarua Waafrika waliotoka mbali kutafuta kazi, vijana kama wewe na mimi.

Na paa likiachwa liporomoke kwa makusudi, nyufa hupanda juu makumi ya mita. Zikikata lile tabaka linalozuia maji, maji ya juu yanazama mgodini. Mto unaweza kupoteza maji yake, kisima kikakauka, na nyumba ikapasuka ukuta. Ardhi yenyewe inashuka. Katika bonde la Ruhr nchini Ujerumani, ambako makaa yalichimbwa kwa zaidi ya karne moja, kuna sehemu za mji wa Essen zilizoshuka zaidi ya mita 20. Hebu fikiria jumba la ghorofa sita, halafu fikiria mtaa wako ukishuka kimo hicho chote.

Asidi ya betri kwenye mfereji

Kukauka ni shida, lakini angalau unaiona. Shida kubwa zaidi huja kimyakimya.

Ndani ya makaa na miamba inayoyazunguka mara nyingi kuna madini ya chuma na salfa yanayong'aa, yale ambayo Wazungu waliyaita dhahabu ya wajinga. Yakikaa chini, yamefunikwa na maji na mwamba, hayana neno na mtu. Ukiyafunua yakapata hewa na maji kwa pamoja, yanazaa asidi ya salfa, ile ile iliyo ndani ya betri ya gari. Kuna bakteria wanaofurahia mazingira hayo na kuharakisha kazi. Asidi hiyo ikipita kwenye miamba inayeyusha chuma, manganizi na alumini, na maji yanatoka yakiwa na rangi ya machungwa na ladha ya sarafu.

Si kila mgodi hufanya hivyo. Inategemea salfa ni nyingi kiasi gani, na kama kuna mawe ya chokaa ya kuituliza asidi. Lakini hilo ndilo jambo la kupimwa kabla ya kuchimba. Ukichimba kwanza ndipo upime, umechelewa.

Watu wa Carolina, mji mdogo katika mkoa wa Mpumalanga nchini Afrika Kusini, walipata habari hizo kwenye mifereji yao. Januari 2012 mvua kubwa ilinyesha. Maji yenye asidi yaliyokuwa yamekusanyika karibu na migodi ya makaa yakafurika na kuingia katika bwawa la Boesmanspruit, linalolisha mji huo. Ghafla maji ya mfereji hayakufaa kunywewa wala kupikia. Wakazi walitegemea maji ya malori na matangi kwa miezi, na mara nyingine malori hayakufika. Mwishowe walienda kortini. Julai mwaka huo Mahakama Kuu mjini Pretoria iliamuru kila mtu apewe angalau lita 25 za maji safi kwa siku, na kazi hiyo ianze ndani ya saa 72.

Soma tena hapo. Watu walilazimika kwenda kortini kuomba lita 25. Huo ni mtungi mmoja wa njano na chenji kidogo. Na huko ni katika nchi ambayo hupata zaidi ya robo tatu ya umeme wake kutoka kwa makaa. Makaa yaliwasha taa, ndiyo, lakini watu wa Carolina walibeba mtungi.

Mgodi ukifa ndipo kazi inaanza

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Tunadhani mgodi ukifungwa, mambo yamekwisha. Kumbe wakati mgodi ukifanya kazi, pampu ndizo zilikuwa zikizuia maji. Ukizima pampu, maji yanarudi polepole na kujaza kila shimo na kila ufa. Yakipanda, yanaosha kuta zote zilizokuwa zimepata hewa kwa miaka mingi, na kubeba asidi na chumvi zote zilizokuwa zikingoja. Yakifika juu, yanatafuta pa kutokea.

Jirani na Johannesburg dhahabu imechimbwa tangu 1886. Miamba ile ya dhahabu ina urani pia, na kuanzia 1952 viwanda vya huko vilianza kuitoa urani hiyo kwa ajili ya kuuza. Migodi ya upande wa magharibi ilipofungwa, pampu zikazimwa. Maji yakapanda miaka kadhaa bila mtu kuyaona. Agosti 2002, karibu na Randfontein na Krugersdorp, yakaanza kububujika kupitia mashimo ya zamani, machungu kwa asidi, yamebeba chuma na urani, yakiteremka mtoni kuelekea hifadhi ya wanyama. Kampuni nyingi zilizochuma utajiri huo hazikuwepo tena. Serikali ilibidi iingie, ijenge vituo vya pampu na mitambo ya kusafisha, na kodi za wananchi zikatumika.

Na hizo si chache. Mwaka 2009 mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali ya Afrika Kusini alieleza kuwa nchi hiyo ina karibu migodi 6,000 iliyotelekezwa. Kila mmoja una mmiliki mpya: mlipa kodi.

Wajerumani walikubali ukweli huo hadharani. Mgodi wao wa mwisho wa makaa magumu, Prosper-Haniel mjini Bottrop, ulifungwa Desemba 2018. Lakini kwa kuwa ardhi ya Ruhr imeshuka, pampu zikizimwa sehemu kubwa ya eneo hilo la mamilioni ya watu itageuka ziwa. Pia maji ya chumvi ya migodini yangepanda hadi kwenye maji ya kunywa. Kwa hiyo wana neno rasmi, "mizigo ya milele", na mwaka 2007 waliunda mfuko maalum wenye mali ya kutosha ili faida yake ilipie pampu hizo. Hesabu ilikuwa zaidi ya euro milioni 200 kila mwaka. Hadi lini? Hakuna tarehe ya mwisho.

Fikiria hilo. Makaa yamekwisha. Wachimbaji wamestaafu. Taa zilizowashwa na makaa hayo zimezimwa zamani. Lakini pampu inaendelea, na wajukuu watailipia, na wajukuu wa wajukuu. Waliosema majuto ni mjukuu hawakuwa wameiona Ruhr, lakini walijua.

Sasa niambie ukweli, msomaji wangu. Ujerumani, nchi yenye mainjinia na pesa, ilibidi itenge mabilioni. Sisi ambao daraja la kijiji likibebwa na mafuriko tunangoja miaka mitatu, tutaweza pampu ya milele?

Na urani je?

Labda unasema makaa ni hadithi ya zamani, siku hizi watu wanazungumzia nyuklia. Kweli. Serikali inataka kujenga kituo cha nyuklia. Wakazi wa Uyombo kule Kilifi walipinga, macho yakahamia Siaya. Tumebishana sana kuhusu kituo kulipuka na taka zake kuwekwa wapi. Ni nadra kusikia mtu akiuliza urani yenyewe itatoka wapi, na maji ya huko yatakuwaje.

Urani ina tabia moja ya ajabu. Ikiwa chini kabisa pasipo hewa, imeganda kwenye mwamba na haiyeyuki kwa urahisi. Ikipata oksijeni inabadilika, inayeyuka, na inasafiri na maji. Maana yake ni kwamba kule kufungua mwamba tu ndiko kunaiamsha. Ukiinywa kwa muda mrefu, kabla hata ya kuogopa mionzi, inaumiza figo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 30 za urani kwa lita, kiasi kidogo ambacho huwezi kukiona, kukinusa wala kukionja. Maji ya asidi ya Randfontein angalau hujitangaza kwa rangi. Maji yenye urani yanaweza kuwa meupe kama ya chupa.

Siku hizi zaidi ya nusu ya urani duniani hutolewa bila mtu kushuka shimoni, na Kazakhstan ndiyo inayoongoza. Wanatoboa visima vingi, wanashindilia kemikali chini, mara nyingi asidi, inayeyusha urani ndani ya mwamba, kisha wanaivuta juu kwa visima vingine. Kwa macho ni safi: hakuna shimo kubwa, hakuna vumbi. Lakini ili njia hiyo ifanye kazi, lazima urani iwe kwenye tabaka linalopitisha maji. Kwa maneno mengine, unapiga kemikali moja kwa moja kwenye maji ya chini ya ardhi, ukitumaini kwamba matabaka ya juu na ya chini yamefunga vizuri. Nchini Namibia, wakulima wa Stampriet wanaotegemea maji ya chini wamepinga njia hiyo kwao kwa sababu hiyo hiyo.

Hofu yao si ya bure. Mgodi wa Königstein, karibu na Dresden, ulikuwa wa urani ndani ya mwamba wa mchanga. Kuanzia 1984 walikuwa wakipitisha asidi ya salfa kwenye mwamba huo ili kutoa urani. Ujerumani Mashariki ikaanguka, uchimbaji ukakoma 1990. Kufunga tu na kwenda nyumbani hakukuwezekana, maana mwamba ulikuwa umelowa asidi na chuma kizito, na matabaka ya juu yake yana maji mazuri. Zaidi ya miaka 30 baadaye, maji ya hapo bado yanavutwa na kusafishwa. Usafishaji wa migodi yote ya urani ya Ujerumani Mashariki umegharimu serikali mabilioni ya euro.

Si mambo ya mbali pia. Jirani zetu Tanzania wana urani katika Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, eneo lililomegwa kutoka Hifadhi ya Selous mwaka 2012, na Julai 2025 walizindua kiwanda cha majaribio huko. Tuwatakie heri, lakini pia tufuatilie, maana tutajifunza kwao kwa bei nafuu.

"Lakini tunahitaji kazi na stima"

Najua utakachosema, kwa sababu binamu yangu aliniambia hivyo hivyo tukiwa Mwingi mwaka jana. "Wewe uko Nairobi na mfereji. Mimi hata huo mto hauna maji. Wacha wachimbe, angalau nipate kazi ya kuendesha lori."

Sikuwa na jibu la haraka. Ana haki. Mtu ambaye hana kitu huwezi kumwambia angoje miaka hamsini. Na sheria yetu ya madini ya 2016 inasema asilimia 20 ya mrabaha iende kwa kaunti na asilimia 10 kwa jamii inayoishi eneo hilo. Hizo si pesa kidogo, zikifika.

Lakini ukipiga hesabu polepole utaona kitu. Kazi ya mgodi ina mwisho unaojulikana tangu siku ya kwanza: siku makaa yatakapoisha. Maji yaliyoharibika hayana mwisho unaojulikana. Binamu yangu ataendesha lori labda miaka ishirini. Baada ya hapo atarudi shambani, kwenye mto ule ule. Akikuta mashimo ya mchangani yamekauka au maji yamegeuka machungu, mshahara wa miaka ishirini utaishia kwa wauza maji.

Kuhusu stima, karibu asilimia 90 ya umeme tunaozalisha tayari unatokana na mvuke wa Olkaria, mito, upepo na jua. Mwaka 2019 mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya kiwanda cha makaa cha Lamu, na hatujaingia gizani kwa sababu hiyo. Kuna viwanda vyetu, kama vya saruji, vinavyotumia makaa ya kuagizwa, na hiyo ni hoja halali. Basi iletwe mezani ikiwa na bei yake kamili, pamoja na bei ya maji.

Maji yaliyochafuka yanaweza kusafishwa pia, sikatai. Huko Emalahleni, mji ambao jina lake lenyewe lina maana ya mahali pa makaa, kuna mtambo uliofunguliwa 2007 unaogeuza maji ya migodini kuwa ya kunywa na kuyapeleka mjini. Unafanya kazi. Lakini unafanya kazi kwa sababu kuna mtu anayelipa kila mwezi. Tunarudi pale pale.

Sasa tufanye nini?

Vijana wenzangu, 2024 tulisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu. Watu waliutafsiri kwa lugha za mama, wakaueleza kwa video fupi, hadi mama mboga akajua mkate utapanda kwa shilingi ngapi. Wabunge walishtuka kwamba tunasoma. Ripoti ya mazingira ya mgodi ni hivyo hivyo. Ni kurasa nyingi, lugha ngumu, na wanatumaini utachoka. Usichoke. Tafuta mambo manne.

La kwanza, je, maji yamepimwa kabla? Kila kisima, kila shimo la mchangani na kila chemchemi ipimwe kina na usafi kabla ya mashine kuanza, msimu wa mvua na wa kiangazi, na matokeo yatolewe hadharani. Bila kipimo hicho, kisima kikiharibika utaambiwa kilikuwa hivyo tangu zamani, na hutakuwa na la kujibu.

La pili, je, miamba imepimwa? Ina salfa kiasi gani, ina chokaa ya kutuliza asidi? Ni tabaka gani linalozuia maji, na litabaki zima baada ya kuchimba?

La tatu, mpango wa kufunga uko wapi? Maji yatapanda hadi wapi pampu zikizimwa, na yatatokea upande gani? Anayesema "tutalishughulikia wakati huo" hana mpango.

La nne na kubwa zaidi: dhamana. Sheria ya madini ya 2016 inamtaka anayeomba leseni aweke dhamana ya kifedha ya kurekebisha mazingira. Uliza ni shilingi ngapi, imewekwa wapi, na kama imehesabu pampu na usafishaji wa maji kwa miaka mingi baada ya mgodi kufungwa, au inatosha kupanda miti michache na kuweka ua tu. Hii ndiyo pesa inayobaki kampuni ikiondoka. Kama haitoshi, basi anayebaki akidaiwa ni wewe.

Usiambiwe kwamba huna haki ya kuuliza. Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi, cha 43 haki ya maji safi ya kutosha, na cha 35 haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ofisi ya umma ina siku 21 za kukujibu. Kifungu cha 71 kinataka mikataba mikubwa ya rasilimali ipelekwe Bungeni. Mwaka 2015 wakazi wa Mui walikwenda Mahakama Kuu na wakashindwa, lakini hukumu ile ile ilieleza kwamba kuwashirikisha wananchi lazima kuwe kwa kweli, wakiwa na habari za kutosha, si kwa kutimiza desturi tu. Mawakili huirejelea hadi leo.

Kwa hiyo siku wakija kwenye baraza la chifu na fulana na soda, kunywa soda. Vaa fulana. Halafu simama uulize, kwa Kikamba, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote unayoijua: pampu italipiwa na nani, na hadi lini?

Na wewe wa Nairobi usiseme hayakuhusu. Kampuni ikiondoka bila dhamana ya kutosha, bili haitatumwa Kitui peke yake. Itakatwa kwenye mshahara wako.

Nyanya yangu hajui bei ya makaa sokoni. Lakini anajua kitu ambacho mabwana wa mikataba huwa hawakisikizi: kwamba ukichota kwenye shimo la mchangani, huingizi miguu, huoshei nguo humo, na ukimaliza unalifunika. Maana kesho asubuhi kuna mtu mwingine atakuja na mtungi wake.